Kalamu ya Muuguzi: Mofini ya Maji, Kanuni za 2004 na Swali la Wazee Nchini Uganda

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya tiba shufaa nchini Uganda kuanzia mwaka 1967. Hoja yake ni kwamba kilichobadili hali ya wagonjwa wenye maumivu makali si kuingia kwa mofini ya maji mwaka 1993 peke yake, bali ni uamuzi wa mwaka 2004 wa kuwapa wauguzi na maofisa tabibu waliofunzwa mamlaka ya kuiandika. Mamlaka hayo, hata hivyo, yalizaliwa katika kipindi cha saratani na UKIMWI, na yamebeba mipaka ya kipindi hicho hadi leo. Mzee mwenye kiharusi, moyo uliochoka au mfupa uliovunjika bado yuko nje ya mlango.

Utangulizi

Mwaka 1967 taasisi mbili zilifunguliwa, moja London na nyingine Kampala, na sidhani kama wakati ule kulikuwa na mtu aliyeziona kuwa na uhusiano. London, Cicely Saunders alifungua Hospisi ya St Christopher's, ambayo wanahistoria wa tiba huitaja kuwa chimbuko la hospisi za kisasa. Kampala, katika kilima cha Mulago, kilianzishwa kituo cha kutibu limfoma ambacho ndicho kilichokuja kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Miaka tisa kabla ya hapo, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji Mulago, alikuwa ameueleza uvimbe wa taya za watoto ambao hadi leo unabeba jina lake. Wataalamu kutoka Marekani waliitazama Kampala kama mahali pa kujaribia dawa mpya za saratani, na baadhi ya watoto walipona kweli.

Kwa hiyo Uganda ilikuwa mstari wa mbele katika elimu ya kumponya mgonjwa wa saratani wakati uleule Uingereza ilipokuwa ikianza kupanga elimu ya kumhudumia asiyepona. Elimu hii ya pili ilichukua miaka 26 kufika Kampala. Makala haya yanauliza ilifika kwa njia gani, ilibidi sheria ibadilike vipi ili impate mgonjwa kijijini, na ni nani ambaye haijamfikia.

Kwanza neno moja kuhusu istilahi. Tiba shufaa ndilo jina lililoenea katika hospitali na nyaraka za Tanzania, na nimelifuata. Halikosi utata. Msomaji wa pwani akisikia shufaa hufikiria kwanza uombezi, ule ambao Waislamu wanautarajia kwa Mtume siku ya Kiyama. Na jirani yake wa karibu katika masikio ni shifaa, yaani uponyaji, jambo ambalo tiba hii haiahidi. Wapo wanaopendelea kusema tu tiba ya kutuliza. Mimi nimebaki na shufaa kwa sababu uombezi si maana mbaya hata kidogo kwa kazi inayoelezwa hapa: mtu mmoja kusimama mbele ya mamlaka kwa niaba ya mwingine asiyeweza kusimama.

Hali kabla ya 1993

Ni rahisi kuandika kwamba kabla ya hospisi wazee na wagonjwa walikufa kwa amani nyumbani, wamezungukwa na ndugu. Kuzungukwa na ndugu ni kweli. Amani ni jambo jingine. Saratani ya shingo ya kizazi iliyofika kwenye mishipa ya fahamu ya nyonga haitulizwi na kuzungukwa na ndugu, wala kidonda kilichooza hakiachi kunuka kwa sababu ya heshima. Wanawake waliouguza mama zao katika miaka ya 1970 na 1980 walikumbuka sauti zaidi ya kitu kingine chochote.

Hospitali, kwa upande wake, haikuwa imejengwa kwa ajili ya mgonjwa wa namna hii. Tangu Albert Cook alipoanzisha hospitali ya Mengo mwaka 1897, hospitali ilikuwa mahali pa kuponea, na mgonjwa asiyepona alirudishwa kwao. Usemi wenyewe, kurudishwa nyumbani, ukawa hukumu ambayo kila mtu aliielewa bila kufafanuliwa. Kisha ukaja utawala wa Idi Amin, 1971 hadi 1979. Wataalamu wa kigeni waliondoka, Waasia walifukuzwa mwaka 1972, wauzaji wa dawa wakiwamo, na Waganda waliobaki Mulago wakiongozwa na watu kama Charles Olweny waliendesha wadi za saratani katika mazingira ambayo historia yake inastahili kuandikwa na wengine zaidi.

Mwaka 1982 ugonjwa wa kukonda ulionekana Rakai, kwenye mwambao wa Ziwa Viktoria. Ndani ya miaka mitano ulikuwa umezaa aina mpya kabisa ya huduma. Mwaka 1987 Noerine Kaleeba na wenzake walianzisha TASO, na mwaka huohuo hospitali ya Kitovu, Masaka, ilianza huduma yake ya kuwatembelea wagonjwa majumbani. Ziara hizi zilikuwa na ushauri, chakula, dawa za vidonda na dawa za kuhara. Kitu ambacho hazikuwa nacho ni dawa ya maumivu makali. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu huwa linapotea katika simulizi za baadaye: njia ya kwenda nyumbani kwa mgonjwa ilikuwa imekwisha kulimwa kabla mofini haijafika. Waliofika mwaka 1993 waliikuta.

Kwa nini mofini haikuwamo? Jibu la haraka ni umaskini, na si jibu sahihi. Unga wa mofini ni kitu rahisi. Mkataba wa kimataifa wa dawa za kulevya wa mwaka 1961, ambao kila wizara ya afya hurejelea inapokataa jambo, una majukumu mawili ndani yake: dola izuie matumizi mabaya, na dola ihakikishe kwamba dawa hizo zinapatikana kwa ajili ya kuondoa maumivu. Dibaji yake inasema wazi kwamba matumizi ya kitabibu ya dawa hizi hayana mbadala. Nchi zetu zilisoma jukumu la kwanza, zikaweka kufuli, na kwa miaka mingi hazikugeuza ukurasa. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa kutuliza maumivu ya saratani mwaka 1986, ule wa ngazi tatu ambao mofini ya kunywa ndiyo kilele chake, sehemu kubwa ya Afrika haikuwa na hiyo ngazi ya tatu.

Nairobi, Singapore, Nsambya

Hospisi ya kwanza barani Afrika ilianzishwa Harare, wakati huo ikiitwa Salisbury, mwaka 1979. Katika kanda yetu ya Afrika Mashariki ya kwanza ni ya Nairobi, iliyoanza mwaka 1990 katika eneo la Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Mkurugenzi wake wa kwanza wa tiba alikuwa Anne Merriman, daktari aliyezaliwa Liverpool mwaka 1935 katika familia ya Kiayalandi, ambaye alikuwa amefanya kazi Nigeria akiwa mtawa na baadaye akafundisha Singapore. Huko Singapore, katikati ya miaka ya 1980, yeye na wafamasia wa chuo kikuu walitengeneza mchanganyiko ambao ndio kiini cha historia hii: unga wa mofini, maji, kihifadhi na rangi.

Inafaa kukaa kidogo kwenye mchanganyiko huo, maana wasomaji wa sera mara nyingi hurukia sheria bila kukijua kitu chenyewe. Mofini ya kunywa haihitaji sindano, wala muuguzi wa kuidunga, wala jokofu. Hutiwa katika chupa ya kawaida ya plastiki. Rangi si pambo: kijani ni ile hafifu, miligramu 5 katika mililita 5, na waridi ni kali mara kumi zaidi, ili hata asiyejua kusoma asichanganye. Mgonjwa hunywa kila baada ya saa 4, kwa saa, si kwa kusubiri maumivu yarudi, na usiku hupewa dozi maradufu ili yeye na anayemuuguza wapate kulala. Pamoja nayo lazima apewe dawa ya kulainisha choo, kwa kuwa mofini hufunga tumbo. Pale ambapo dawa hiyo haipatikani, wauguzi wa Uganda wamefundisha kutumia mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa. Kwa kidonda chenye harufu, kidonge cha metronidazoli husagwa na kunyunyizwa juu. Hakuna hata kimoja katika hivi kinachohitaji ghorofa.

Merriman hakubaki Nairobi. Alitaka kielelezo ambacho nchi maskini zingeweza kukiiga, na alitafuta serikali ambayo ingekubali kuagiza unga wa mofini. Wizara ya Afya ya Uganda ilikubali. Mnamo Septemba 1993, yeye na wenzake wawili, wauguzi Fazal Mbaraka na Martha Rabwoni, walianza kazi Kampala wakiwa na fedha za kuwatosha miezi mitatu, katika nyumba ndogo waliyoazimwa na Hospitali ya Nsambya. Hospisi hiyo ya Afrika, Uganda, haikuwa na vitanda vya kulaza wagonjwa wakati huo wala haikutaka kuwa navyo. Baadaye ilihamia Makindye, na mwaka 1998 ilifungua matawi Mbarara na Hoima. Merriman alifariki mwaka 2025 akiwa na umri wa miaka 90, na kumbukumbu zilizoandikwa zilimweka, kwa haki, katikati ya hadithi.

Nina shaka ndogo na uandishi huo, ingawa sina shaka na mwanamke mwenyewe. Historia inayoanza na daktari mmoja anayeshuka kutoka kwenye ndege huwaficha wengine. Ilihitaji waziri wa kutia saini, wafamasia wa kuchanganya, na wauguzi wa kupanda milima ya Kigezi na Bunyoro wakiwa na chupa mkobani. Na zaidi ya hao, ilihitaji mtu wa kuishika kalamu.

Kanuni za 2004

Mwaka uleule wa 1993 Uganda ilitunga sheria iliyounda Mamlaka ya Taifa ya Dawa. Kwa mujibu wa utaratibu uliokuwapo, waliokuwa na ruhusa ya kuandika dawa za aina ya mofini walikuwa madaktari wa binadamu, wa meno na wa mifugo. Kisheria, basi, daktari wa ng'ombe aliweza kuandika mofini, na muuguzi aliyekaa usiku kucha na mgonjwa hakuweza. Nimewahi kusikia jambo hili likisimuliwa kama kichekesho katika warsha. Kwa miaka kumi halikuwa kichekesho. Vijijini daktari mmoja alihesabiwa kwa makumi ya maelfu ya wakazi, na daktari huyo, kama yupo, yuko makao makuu ya wilaya akishughulikia upasuaji wa wazazi na bajeti.

Njia iliyofuatwa kuliondoa tatizo hili inawafaa washauri wa sera kuliko sehemu nyingine yoyote ya historia hii. Kwanza, tiba shufaa iliingizwa katika mpango mkakati wa sekta ya afya ulioanza mwaka 2000, ikihesabiwa kuwa huduma ya lazima, jambo ambalo nchi nyingi za Afrika hazikuwa zimelifanya. Pili, kozi ya miezi 9 kwa wauguzi na maofisa tabibu ilianzishwa mwaka 2002, kabla ya ruhusa yenyewe kuwapo. Waliofuzu walirudi vituoni wakijua dozi ambazo hawakuruhusiwa kuziandika. Huo ulikuwa ni mkakati, na ulileta uchungu: ulizalisha watu ambao kutokuwa na mamlaka kwao kulikuwa aibu ya dola, si upungufu wao. Tatu, mwaka 2004 waziri alitoa kanuni, chini ya sheria ya dawa iliyokuwapo, zilizoruhusu muuguzi au ofisa tabibu aliyehitimu mafunzo maalumu ya tiba shufaa kuandika na kutoa mofini kwa wagonjwa wake. Miongoni mwa waliosukuma jambo hili kwa muda mrefu alikuwa Dkt. Jack Jagwe, mshauri wa hospisi kuhusu sera na dawa.

Mara nyingi husemwa kwamba Uganda ilikuwa ya kwanza duniani kuwapa wauguzi ruhusa hii. Dai hilo ningelitumia kwa uangalifu, maana nchi nyingine zilikuwa zimetoa ruhusa za namna na viwango mbalimbali. Lililo mahususi kwa Uganda ni mpangilio wake: dawa ya bei nafuu, kozi yenye mtihani, na kanuni inayofunga viwili hivyo pamoja. Pia ni muhimu kwamba zilikuwa kanuni, si sheria mpya ya Bunge. Hapakuwa na mjadala wa hadhara kuhusu wauguzi na dawa za kulevya, na pengine ndiyo maana zilipita. Lakini kilichotungwa kimyakimya huweza pia kubanwa kimyakimya, na katika miaka ambayo habari za vifo vya dawa za maumivu huko Marekani zimejaza magazeti, woga wa miaka ya 1970 umepata sababu mpya ya kuvaa. Tofauti ya hali haina budi kutajwa kila mara. Tume ya jarida la Lancet ilionesha mwaka 2017 kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya afyuni zilizosambazwa duniani kwa mwaka, zikipimwa kwa kiwango cha mofini, nchi maskini kabisa zilipata tani 0.1. Tatizo la Marekani ni la wingi uliosukumwa na biashara. La kwetu ni kabati tupu, au kabati lililojaa na ufunguo usiokuwapo.

Mwaka 2011 mpango wa Uganda ulikwenda hatua nyingine: hospisi ilianza kuitengeneza mofini ya maji kwa ajili ya nchi nzima kwa makubaliano na serikali, nayo serikali ikabeba gharama, ili mgonjwa asilipe kitu. Mwaka huohuo Rwanda ilipitisha sera yake ya taifa ya tiba shufaa, miongoni mwa za mwanzo barani, na baadaye nayo ikaanza kutengeneza mofini yake. Tanzania ilikuwa na Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, katika majengo ya hospitali ya Wajerumani ya mwaka 1897, pamoja na juhudi za hospitali za mikoani kama Selian karibu na Arusha na Muheza mkoani Tanga. Arusha ndiko pia Shirika la Tiba Shufaa la Afrika lilikoanzishwa rasmi mwaka 2004, kufuatia mkutano wa Cape Town wa 2002. Makao yake yakawa Kampala.

Mlango na vipimo vyake

Naomba ruhusa ya kueleza jambo la nyumbani. Mwaka 2008 mama yake mama yangu, aliyekuwa amevuka miaka 80, alianguka kwenye ukingo wa kisima akavunjika nyonga. Alipelekwa katika hospitali moja ya wilaya ambayo sitaitaja. Hapakuwa na daktari wa mifupa, na uamuzi ukawa ni kumpumzisha kisha kumrudisha nyumbani. Kwa siku tatu hakuweza kugeuzwa bila kulia. Mofini ilikuwamo wodini. Muuguzi wa zamu alituambia mwenyewe, bila kuficha: "Dawa ipo, lakini si mimi wa kuiandika, na daktari yuko semina Kampala." Akamwinamia akamwambia, "Jjajja, vumilia kidogo," akampa parasetamoli. Kanuni zilikuwa na umri wa miaka minne. Katika hospitali ile hapakuwa na mtu aliyehitimu kozi ya miezi 9, na yule aliyekuwa akija mara moja kwa wiki kutoka tawi la hospisi alikuja kwa ajili ya wagonjwa wa saratani na wa VVU walioandikishwa. Bibi yangu hakuwa na saratani. Alikuwa mzee tu.

Simlaumu muuguzi. Kwa macho ya mwanahistoria, alikuwa mtu anayetii mipaka iliyochorwa na wakati. Tiba shufaa ya Uganda ilikua kwa kufuata magonjwa mawili, na fedha zake zilifuata magonjwa hayo. Mpango wa dharura wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, uliotangazwa mwaka 2003, ulileta fedha ambazo hospisi isingezipata popote. Kwa ajali ya tarehe, mwaka uleule wa 2004 ambao muuguzi alipewa kalamu, Uganda ilianza kugawa bure dawa za kupunguza makali ya VVU. Mgonjwa ambaye mfumo huu ulijengwa kwa ajili yake alianza kuishi. Lilikuwa jambo jema kuliko yote yaliyotokea katika kipindi hicho, na liliacha mfumo ukiwa na njia za rufaa, fomu na wafadhili vinavyomtafuta mtu ambaye idadi yake inapungua, huku mwingine, asiye na fomu, akiongezeka.

Mwingine huyo tunamfahamu. Katika miaka ya 1990, nyumba nyingi za Rakai na Masaka hazikuwa na mtu wa umri wa kati. Bibi ndiye aliyewauguza watoto wake wakubwa hadi mwisho, kisha akalea wajukuu. Ziara zile za Kitovu na TASO zilimkuta yeye mlangoni. Maelekezo yote ya dozi na vidonda yalipewa yeye. Leo aliyekuwa na miaka 50 wakati ule ana zaidi ya 80. Wajukuu aliowalea wako Kampala, Juba, Dubai. Anaumwa kiharusi, au moyo, au anasahau majina. Mlezi wa mlezi hayumo katika mpango wowote wa afya ninaoufahamu kwa jina lake.

Uganda haikukosa kabisa makao ya wazee. Kardinali Emmanuel Nsubuga alianzisha yale ya Nalukolongo, Kampala, mwaka 1978, na jina lake, Bakateyamba, kwa Kiganda ni wale wasioweza kujisaidia. Papa Francis aliyatembelea mwaka 2015. Lakini makao ni machache mno kuwa jibu la nchi, na wala sidhani kuwa ndilo jibu linalotakiwa. Azimio la Mkutano Mkuu wa Afya Duniani la mwaka 2014 lilizitaka nchi kuiweka tiba shufaa ndani ya huduma za msingi na kwa magonjwa yote sugu, si saratani pekee. Kwa mzee, hilo lina maana tofauti kidogo na ile tuliyoizoea, na hapa lazima nijikosoe: makala haya yamezungumza mofini kana kwamba ndiyo tiba yote. Mzee aliyepooza anahitaji kwanza kugeuzwa ili asipate vidonda vya mgongo. Anahitaji nguo za kumkinga haja, sabuni, godoro, chakula laini, mtu wa kumpokea binti yake zamu ili binti alale. Maumivu yake mara nyingi yatatulizwa kwa dawa ndogo. Kalamu inahitajika kwa siku ambazo hazitoshi.

Wizara mbili, mzee mmoja

Kipo chombo ambacho dola imekwisha kukijenga kwa ajili ya mzee huyu, ila hakikujengwa na wizara ya afya. Ni ruzuku ya wazee iliyoanza kwa majaribio mwanzoni mwa miaka ya 2010 chini ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii: shilingi 25,000 kwa mwezi. Katika wilaya za majaribio ilianza na wenye miaka 65, na 60 huko Karamoja. Ilipopanuliwa nchi nzima, umri wa wapya ulipandishwa hadi 80. Kiasi ni kidogo, na umri ni mkubwa kupita kiasi. Tena watafiti wa haki za binadamu walionesha mwaka 2021 kwamba wapo wazee waliokosa hata hicho kwa kuwa kitambulisho cha taifa kiliwaandikia umri usio wao, au hawakuwa nacho kabisa. Nyufa hizo ni za kweli.

Lakini tazama kilichomo ndani ya mfumo huo kwa macho ya muuguzi. Kila parokia ya kiserikali ina orodha ya watu wake waliovuka miaka 80. Siku ya malipo hukusanyika mahali pamoja. Na mzee asiyeweza kutembea anaruhusiwa kumtuma mtu aliyeandikishwa kumpokelea. Kwa maneno mengine, dola tayari inafahamu, kijiji kwa kijiji na kwa majina, ni wazee gani hawatoki tena kitandani. Taarifa ambayo timu ya hospisi huitafuta kwa pikipiki na kwa kuulizia makanisani na misikitini, ofisa wa ruzuku ameiandika daftarini kwa sababu za kihasibu.

Sijaona mahali ambapo daftari hilo husomwa na mtu mwenye chupa ya kijani mkobani. Mofini husafiri kwa njia ya wizara moja, fedha kwa njia ya nyingine, na hufika katika kituo kilekile cha biashara kwa siku tofauti. Kuziunganisha hakuhitaji sheria mpya. Yaliyofanyika mwaka 2004 yanaonesha kwamba waziri, akitaka, hutumia aliyo nayo mezani. Kunahitaji makubaliano kati ya wizara mbili kuhusu nani anaruhusiwa kuiona orodha, jambo lenye ugumu wake wa faragha, na kunahitaji sehemu ya ile kozi ya miezi 9 ifupishwe kwa ajili ya wauguzi wa vituo vidogo, ili kila kituo kiwe na angalau mmoja anayejua kumpima mzee maumivu hata asiyeweza tena kuyataja. Kufupisha huku kutapingwa, na wanaopinga wana hoja: ukali wa kozi ndio ulioifanya serikali iamini kwamba mofini haitaibwa. Tangu misaada ya Marekani iliposimamishwa Januari 2025, hata hivyo, swali la nani atalipia kozi ndefu limekuwa gumu kuliko swali la urefu wake.

Bibi yangu alirudishwa nyumbani siku ya nne. Ruzuku ilikuwa bado haijaanza, wala jina lake halikuwa katika daftari lolote zaidi ya lile la wodi, ambamo mbele yake, kwenye safu ya ugonjwa, mtu alikuwa ameandika neno moja: uzee.